Mfungueni Huyo Mbwa

Wiki mbili zilizopita, katika kijiji chetu upande wa Rubondo, mbwa alipigwa marungu mpaka akafa. Kosa lake ni kwamba alikimbiza watoto waliokuwa wanatoka shule, akamng'ata mmoja kisigino. Damu ilitoka kidogo. Wakaja wanaume sita na fimbo, na mwenye mbwa ndiye aliyeshika kamba. Mzee mmoja akasema, "Ile imbwa ilikuwa na wazimu." Watu wakaitikia, kisha kila mtu akarudi kwake kuangalia sufuria.

Mimi nakataa. Najua mtasema huyu kijana wa mpira amekosa la kufanya, watu wana njaa yeye anatetea mbwa. Semeni, lakini mnisome kwanza.

Huyo mbwa alikua katikati ya ng'ombe. Wengi wetu tunaokaa Nakivale tunajua maisha hayo, wengine tumezaliwa ndani yake kule milimani Kivu. Asubuhi anatoka na mchungaji, anazunguka nyuma ya kundi, ndama akibaki anamrudisha, jioni analala kama gunia. Mgawo ulipopunguzwa mwaka 2023, ng'ombe wa ile familia wakaanza kuuzwa mmoja mmoja: ada ya shule, dawa, madeni ya duka. Akabaki mbwa peke yake. Wakamfunga kwenye mkaratusi kwa kamba ya mita mbili. Miezi minane, jamani! Chini ya ule mti majani hayaoti tena, alivyozunguka.

Sasa siku kamba imekatika, mbele yake wanapita watoto arobaini wanakimbia na kupiga kelele. Mlitaka afanye nini? Mbwa wa kuchunga anatazama, ananyemelea, anakimbiza, anagusa kisigino kwa meno ili anayechelewa arudi kundini. Ni uwindaji ule wa mababu zake, ila umekatwa pale kabla ya kuua. Alifanya kazi yake. Alikosea kundi tu.

Msinielewe vibaya. Kichaa cha mbwa kipo, na mimi nakiogopa kuliko nyie. Kinaua watu karibu 59,000 kwa mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na dalili zikishatokea hakuna daktari wa kukuokoa. Ndiyo maana hasira yangu haijaisha. Siku ile walikuwepo watu sita wenye fimbo, lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa na sabuni. Kidonda cha meno ya mbwa kinaoshwa papo hapo kwa maji na sabuni, dakika kumi na tano nzima, halafu mtoto anapelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo. Hilo halisubiri. Na mbwa anafungiwa mahali salama, anaangaliwa siku kumi. Akiwa bado mzima baada ya hapo, basi siku aliyong'ata hakuwa na ugonjwa kwenye mate. Sisi tulimuua na kumzika, tukajinyima jibu. Mtoto nilimkuta kesho yake, kidonda kimepakwa majivu. Nikaenda na mama yake mpaka kwenye sindano.

Mimi mwenyewe si mtakatifu. Nina mbwa, anaitwa Komando, nilimrithi kwa mchungaji aliyerudi kwao. Nilimfunga miezi mitatu kwa sababu kila mtu anafunga. Alikula viatu vyangu, akala mlango, usiku analia mpaka majirani wanarusha mawe. Nikajiambia basi, huyu anahitaji mbio tu. Nikawa nampigia mpira wa matambara saa nzima kila jioni, aulete, nipige tena. Unajua kilichotokea? Akapata pumzi ya kukimbia saa mbili! Akawa mbaya zaidi, anatetemeka akiona kitu chochote kinachobiringika, hata jerikani.

Kilichosaidia ni kumpa kitu cha kufikiri. Jirani yangu, mama mmoja wa mbuzi wanne, alikubali tuende naye malishoni. Kwanza nilimfundisha Komando kulala chini nikisema "tulia", akiwa kwenye kamba ndefu, bila mbuzi. Wiki nzima hilo tu. Halafu mbuzi kwa mbali. Halafu karibu. Akimkimbilia mbuzi kwa fujo, kazi inakwisha, tunakaa. Akitulia, tunaendelea. Sasa tunatoka kabla ya jua kuchomoza na tena jioni, njia ya ziwani, karibu saa moja kila safari. Mchana hapana: mbwa hatoki jasho kama sisi, anahema tu, na ukishindwa kuweka kiganja chako juu ya udongo, nyayo zake pia zinaungua. Viatu vyangu viko salama tangu Pasaka.

Majirani zetu Waislamu hawataki mate ya mbwa kwenye nguo zao, na ni haki yao. Ndiyo sababu tunapita njia ya nyuma, na kwenye nyumba za watu kamba iko mkononi.

Nyie wa mashirika, na nyie mnanisoma. Mmoja wenu aliniambia kwenye mkutano kwamba mbwa si kipaumbele. Sawa. Lakini huyohuyo alinionyesha kwenye simu picha ya mbwa wake kwao, Border collie mweusi na mweupe, na akaniambia anamlipa mtu amtembeze mara mbili kwa siku asije akararua makochi. Huko Wales, mji wa Bala, walianza mashindano ya mbwa wa kuchunga tangu mwaka 1873. Mbwa anayekusanya kondoo vizuri anapigiwa makofi. Wa kwetu akikusanya watoto anapigwa rungu, na nyie mnaandika "usalama" kwenye karatasi kubwa ukutani. Siombi chakula cha mbwa. Ukoko wa posho na vichwa vya samaki tunavyo. Naomba siku moja ya chanjo kila mwaka, na sumu isitajwe tena kwenye mkutano wowote.

Jumamosi kijiji kinakaa kuamua kuhusu mbwa saba waliobaki. Nimeomba dakika kumi. Vijana watano wa timu wamekubali kutembeza, kila mmoja mbwa mmoja, na mimi nitachukua wa sita pamoja na Komando. Wenye mbwa, msisubiri Jumamosi. Kesho saa kumi na mbili asubuhi tuko pale bombani. Leteni kamba ndefu, si waya. Yule mwenye mbwa aliyekufa ameniuliza kama anaweza kuja tu kuangalia. Nimemwambia aje.