Okarina na Wimbo wa Gwaride

Wiki hii tuzungumzie okarina, filimbi ya udongo yenye tumbo nene, iliyopata umbo lake la sasa mikononi mwa Giuseppe Donati, mjini Budrio, Italia, mnamo mwaka 1853.

Watoto wa kambini hupenda kuanza na wimbo wa gwaride, kwani ndio waujuao. Mimi nami nilianza nao, nikakosea. Ili uchangamke, nilipuliza kwa nguvu. Sauti ikapanda ikapotoka, na mwanangu mdogo akaziba masikio. Ndipo nilipofahamu kwamba okarina haitaki mabavu. Ukizidisha pumzi, sauti hupanda; ukiipunguza, hushuka. Uchangamfu wa wimbo hutoka katika ulimi na mguu, wala si kifuani.

Basi, kwanza iache okarina mezani, utembee huku ukiimba, hadi mguu uujue wimbo. Pili, ziba matundu yote, upulize taratibu kama apozaye uji, kisha ufungue tundu moja moja. Tatu, kila sauti ianze kwa ulimi, kana kwamba watamka "tu". Majeshi mengi hutembea hatua zipatazo 120 kwa dakika. Wewe anza na 60. Ukikosea mahali, rudia pale pale, usirudie wimbo mzima.

Robo saa kila jioni yatosha. Baba au mama arudipo kutoka lindo la mbali, na apokewe mlangoni kwa wimbo ulionyooka.