Zamani Ilikuwa Lini?

Makamaredi, likizo iliyopita nilirudi nyumbani Mwanga, Kigoma. Asubuhi moja nikamsindikiza mama mdogo mwaloni Kibirizi kununua dagaa. Pale nikamkuta mzee mmoja mvuvi analalamika kwamba kuhe wakubwa hawaonekani kama zamani. Nikamuuliza, "Zamani lini, mzee wangu?" Akacheka. "Si wewe ndiye msomi? Niambie wewe."

Sikuwa na jibu, na inaniuma mpaka leo.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa miezi mitatu, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Mimi naunga mkono ziwa lipumzike. Lakini mtaani kwetu kila mtu alibishana kwa kumbukumbu za kichwani: huyu migebuka wameisha, yule wamejaa tele. Hakuna aliyetoa hata karatasi moja. Sasa utajuaje kama kufunga kumesaidia, ikiwa hukuandika hali ilivyokuwa kabla?

Na msiniambie hiyo kazi ni ya maprofesa. Boti za kwenda Gombe zinaondokea hapohapo Kibirizi. Jane Goodall alipofika Gombe Julai 1960 hakuwa na shahada yoyote. Tena Mei 1975, waasi kutoka ng'ambo ya ziwa walipowateka watu wanne wa kituo cha utafiti, watafiti wa kigeni wakaondoka. Waliobaki wakiwafuata sokwe mlimani na kuandika siku baada ya siku ni Watanzania, kina Hilali Matama. Dunia inapousifia utafiti wa Gombe kwa urefu wake, inasifia pia daftari zao. Hadi leo, katika vijiji vya huko, wapo wanakijiji waliofundishwa na Taasisi ya Jane Goodall wanaozunguka misitu yao na simu, wakirekodi viota vya sokwe, mitego na miti iliyokatwa.

Sisi simu tunazo, bando tunalo, tunapiga picha za ugali wa kantini.

Kuanza si kazi. Picha, tarehe, mahali, basi. Mimi nilipakia iNaturalist ndege niliyempiga picha Ujiji, nikaandika "tai" kwa kujiamini kabisa. Kesho yake mtu nisiyemjua akanisahihisha, ni furukombe. Aibu kidogo, ila sitamsahau tena yule ndege.

Kwa samaki kuna mtego mmoja. Wavuvi wa dagaa wanavuta samaki kwa taa, kwa hiyo usiku wa mbalamwezi uvuvi unadorora. Mwanachuo akija wiki hiyo tu ataandika dagaa wameisha, na atakuwa ameongopa bila kujua. Andika basi mwezi ulikuwaje, boti zilitoka ngapi, taa ngapi, walikaa majini saa ngapi. Na siku waliyorudi mikono mitupu iandike pia, hiyo hasa ndiyo watu huiruka. Jina la samaki weka la hapahapa, wanavyomwita wavuvi wenyewe.

Wapo wanaosema taarifa zetu zitaishia Ulaya, mtu apate udaktari kwa jasho la mvuvi. Hofu hiyo naielewa, siipuuzi. Ndiyo maana nasema nakala ya kwanza ibaki mwaloni, kwa BMU, kwa Kiswahili, mahali ambapo mvuvi anaweza kuifungua na kusema "hapa umekosea". Wengine wanahofia majangili kuonyeshwa wanyama walipo. iNaturalist yenyewe hufunika mahali halisi pa viumbe walio hatarini kutoweka. Bado, ukikuta kiota cha sokwe usikitangaze kwenye status.

Likizo ijayo naanza Kibirizi na kaunta buku la kwaya mbili. Yule mzee amekubali, kwa sharti kwamba jina lake liandikwe kila siku aliyohesabu yeye. Nahitaji watu wawili wa kupokezana nami, wanaoweza kuamka saa kumi na moja alfajiri boti zikirudi.