Nyota ya Waridi Upande wa Butiama

Barua iliyotufikia kutoka Bunda inahusu ubishi wa baba na mwana. Mwandishi wake anaeleza kwamba mwezi Desemba 2013, akiwa angali kijana mjini Musoma, alikaa ufukoni na baba yake alfajiri wakingoja mitumbwi ya dagaa irudi na karabai zake. Kwa darubini ya mkono aliyoazima aliona, upande wa Butiama, nyota yenye rangi ya waridi. Baba alicheka sana. Nyota ya waridi, alisema, haijapata kuwako. Mzee huyo sasa ni marehemu, na mwanawe anauliza kama angeliweza kumthibitishia.

Tumwanze mzee, maana alikuwa na haki yake. Rangi ya nyota hufuata joto lake, kama chuma mbele ya mhunzi: kwanza huwa chekundu, kisha cha manjano, kisha cheupe. Nyota zenye joto kali zaidi huelekea samawati. Jua letu, lenye nyuzi 5,500 hivi usoni pake, limo katikati. Katika safari yote hiyo hakuna kituo cha waridi.

Lakini alichokiona kijana hakikuwa nyota ya kawaida. Tarehe 2 Desemba 2013, John Seach wa Australia aligundua nova katika kundi la Centaurus, jirani kabisa na nyota angavu Beta Centauri. Nova maana yake ni mpya, jina ambalo kwa kweli linapotosha: ni mabaki ya nyota kongwe yanayonyonya haidrojeni ya nyota mwenzake, hata rundo hilo likalipuka. Katikati ya mwezi ule ilionekana kwa macho matupu. Kwa mtu wa Musoma ilichomoza yapata saa tisa usiku, kusini mashariki, upande wa Butiama hasa.

Gesi iliyorushwa na mlipuko haifuati sheria ya mhunzi. Haidrojeni hutoa mwanga wa rangi zake maalumu tu. Iliyo kubwa ni nyekundu ya nanometa 656, na nyingine ni za upande wa samawati, kama ile ya nanometa 486. Zikichanganyika, jicho huona waridi.

Sasa, kumthibitishia mzee kungalihitaji kamera, kwa kuwa jicho gizani ni shahidi dhaifu wa rangi. Kamera hugawa mwanga katika mafungu matatu: nyekundu, kijani na samawati. Iwekwe juu ya miguu mitatu, au ifungwe kwenye darubini, na picha ivurugwe kidogo kwa makusudi ili kila nyota iwe kama sarafu ndogo. Nyota kali iliyokusanyika nukta moja hufurika, na hesabu yake huharibika. Kisha mpimaji hulinganisha mafungu hayo kwa nova na kwa Alpha Centauri, nyota ya manjano mfano wa Jua, iliyo jirani. Ujirani huo ni muhimu, kwani hewa ya karibu na upeo hupunguza samawati, na nyota zinazokaribiana hupunguziwa takriban sawasawa.

Hapo ndipo ushahidi ulipo. Katika nyota za kawaida, nyekundu ikizidi, samawati hupungua, kama mizani ya sokoni. Katika kitu cha waridi, nyekundu na samawati zote mbili huzidi kijani. Hakuna joto lolote la chuma linaloleta matokeo hayo.

Ipo hila moja. Kamera nyingi zina kioo cha ndani kinachozuia sehemu kubwa ya ile nyekundu ya 656, hivyo kipimo hupunguza uwaridi badala ya kuuzidisha. Anayetaka uhakika zaidi huweka mbele ya kamera karatasi angavu yenye mistari 100 kwa kila milimita. Nyota ya kawaida hutandazwa kuwa utepe laini wa upinde wa mvua. Nova huonyesha shanga nyekundu inayong'aa penye wekundu.

Mwandishi wa barua hakuwa na kamera, na nova ile imekwisha fifia. Hata hivyo Rolf Wahl Olsen, mpenzi wa anga wa New Zealand, aliipiga picha Desemba ileile kwa darubini yake. Katika picha hiyo ni ya waridi.