NANI ANAPIMA UTU WETU?



Sisi makarani wa migodi kazi yetu ni kupima na kuandika: tani, saa za kazi, mishahara. Lakini utu wetu wenyewe mara nyingi tumewaachia wengine watupimie.

Mtoto hazaliwi akijua kama ana maana ao hana. Anajifunza kwa namna anavyoitwa. Akiitwa mjinga kila asubuhi, mwisho ataitika. Na mtu mzima ni vilevile.

Tukumbuke mambo ya wazee wetu. Mwaka 1948 serikali ya Wabeleji ilianzisha karata ya «mérite civique» kwa weusi waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Mwaka 1952 ikaongeza cheti cha «immatriculation». Kukipata hiki, mtu alichunguzwa mpaka nyumbani kwake: namna anavyokaa na mke wake, anavyolea watoto, anavyokula. Patrice Lumumba, karani wa posta kule Stanleyville, alikataliwa kwanza; akakipata mwaka 1954. Katika inchi ya watu zaidi ya milioni 12, waliokipata walikuwa wachache sana.

Aliyekosa alirudi nyumbani na haya mbele ya mke wake, kana kwamba utu wake umekataliwa ofisini. Na aliyepata, je? Wengi wakaanza kumtazama ndugu yao kwa jicho la mkaguzi, wakamwita «basenji». Hapo ndipo jeraha lilikuwa kubwa zaidi.

Tarehe 30 Juni 1960, mbele ya mfalme Baudouin, Lumumba alikumbusha kwamba mtu mweusi aliambiwa «tu», na «vous» iliwekwa kwa wazungu. Wengine waliona ni jambo dogo. Si dogo. Neno unaloambiwa kila siku linajenga nyumba ndani ya moyo.

Vyeti vile vimekwisha. Jicho la mkaguzi limekwisha? Mchimbaji wa mkono akifika dirishani petu na matope miguuni, tunamwambia: «We, ngoja kule!» Kijana mwenye tai akifika, tunasimama: «Ndiyo, Patron!» Jina la mchimbaji tunaliandika vibaya, wala hatumwulizi. Jioni tunacheka habari yake mezani, na watoto wetu wanasikia. Wanajifunza kwamba mtu ni viatu vyake.

Hatufundishi majivuno. Mwenye majivuno anatafuta mtu wa kumkanyaga ndipo ajione mrefu. Mwenye kujiheshimu hana haja ya kumshusha mwenziwe.

Basi, ndugu makarani, tuanzie pale dirishani. Anayefika, mzee tumwite Baba, rika letu tumwite Ndugu. Tumwulize jina lake, tuliandike sawasawa, tumsomee alisikie. Ni kazi ya dakika moja, na haingoji ruhusa ya mkubwa yeyote.