Yowe Likipigwa, Nani Atatoka?

Huenda wewe nawe ni mfanyakazi wa mjini mwenye kishamba huko Mkuranga au Kibaha. Jumamosi wafika na jamaa zako, wakuta mihogo imeng'olewa na madafu yameanguliwa. Wamlaumu mlinzi. Je, mshahara wake wa miezi miwili iliyopita umemlipa?

Wengi hukimbilia seng'enge, nayo ni ghali, tena huibwa. Ua wa minyaa, kama upandwao Usukumani, hugharimu jasho tu: matawi hukatwa na kuchomekwa ardhini kwa kukaribiana. Utomvu wake huunguza macho, basi watoto wasiuchezee.

Lakini ua haupigi yowe. Wafugaji wa Shinyanga na Tabora walilitambua hilo mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipokithiri na silaha zilipozagaa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Wakaunda sungusungu: yowe likisikika, wanaume hutoka na kufuata nyayo, kijiji hadi kijiji. Mwaka 1989 sheria ikawatambua. Wako waliowapiga na kuwahukumu watu pasipo mahakama, hilo hatulisifu.

Shambani kwako je? Pale wajulikana kama "yule wa mjini". Hujahudhuria hata mazishi mamoja. Jumamosi ijayo, kabla ya kuchuma mboga, mpitie mwenyekiti wa kitongoji umsalimu. Umwulize pia ni nani auzaye mihogo kando ya barabara ilhali hana shamba.