Ndege ya matajiri, mshahara wa rubani

Huko Marekani, tajiri hana lazima ya kununua ndege nzima. NetJets, kampuni iliyoanzisha mtindo huo mwaka 1986, inamuuzia sehemu moja ya 16, naye anapata saa 50 za kuruka kwa mwaka. Juu ya hapo analipa ada ya kila mwezi, na pesa za kila saa anayokuwa ndani ya ndege.

Ndani ya ndege, ndiyo. Akishuka, mara nyingi ndege inaondoka tupu kwenda kumchukua mwingine. Mafuta yanaungua, rubani yuko kazini, na hakuna abiria wa kulipa saa hiyo. Mzigo unabaki kwa kampuni, na kampuni inapobanwa inatazama kwanza mishahara.

Mwaka 2009 ilipata hasara ya dola milioni 711. Marubani 495 wakasimamishwa kazi. Mwaka 2010 faida ikarudi, lakini mwaka 2015 sendika yao ilikuwa bado inabishana na wakubwa juu ya mkataba. Marubani wakaenda Omaha na mabango, kwenye mkutano wa wanahisa wa Berkshire Hathaway ya Warren Buffett, mwenye NetJets.

Kupunguza matumizi si kosa. Lakini mteja anayelipa maelfu ya dola kwa saa moja angani ananunua kwanza utulivu wa yule aliyeshika usukani. Desemba mwaka huo marubani waliidhinisha mkataba mpya. Ungeweza kusainiwa kabla ya mabango kufika Omaha.