Daftari Moja la Mtoto kwa Masasi na Newala

Utayari wa kuanza shule ni hali ya mtoto kufika darasa la awali akiwa na afya njema, ameshiba, anaweza kusikiliza na kujieleza, na anaweza kukaa na wenzake bila kumlilia mama yake. Hali hiyo haiji Januari siku ya kuandikishwa. Hujengwa tangu mimba, na wajenzi wake ni wengi: mkunga wa zahanati, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, bibi anayelea, mlezi wa kituo cha watoto cha mchana, mtendaji wa kijiji na mwalimu. Katika wilaya za Masasi na Newala mkoani Mtwara, wengi wa watu hao wapo na wanafanya kazi. Tatizo ni kwamba kila mmoja ana daftari lake, na hakuna anayesoma la mwenzake.

Mazingira ya huko yana uzito wake. Newala imekaa kwenye ukingo wa magharibi wa Uwanda wa Makonde, na Masasi iko chini, katikati ya majabali. Udongo wa kichanga wa uwanda hunywa mvua yote, kwa hiyo juu hakuna mito. Kwa vizazi vingi wanawake waliteremka mabondeni kuchota maji, na hata baada ya mradi wa maji wa Makonde kuanza kusukuma maji kutoka Mitema, kwa miaka mingi mgawo haukutosheleza watu wote. Saa zinazotumika kutafuta maji hutolewa kwenye saa za kulea, na mtoto mdogo huachiwa dada yake ambaye naye bado ni mtoto.

Juu ya hayo kuna kalenda ya korosho. Mashamba hupaliliwa, mikorosho hupulizwa dawa katikati ya mwaka, na kuanzia Oktoba hadi Desemba watu huokota. Katika miezi hiyo familia nyingi hushinda shambani na nyingine huhamia huko kabisa, watoto wakiwa mgongoni au chini ya mikorosho. Shule hufunguliwa Januari, fedha za mnada wa korosho zikiwa zimekwisha kugawanywa kwenye madeni, karo za wakubwa na mabati. Mvua za kusini huanza mwishoni mwa mwaka na mahindi mapya hupatikana kuanzia Aprili. Hivyo mtoto wa awali huanza kujifunza katika miezi ambayo ghala la nyumbani ni jepesi kuliko wakati wowote.

Kwa upande wa sera, nchi haina upungufu mkubwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa sehemu ya elimu ya lazima, na tangu Januari 2016 haitozwi ada katika shule za umma. Mwongozo wa elimu ya awali unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25. Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya miaka mitano hadi 2025/26, inayomhusu mtoto tangu mimba hadi umri wa miaka minane. Programu hiyo imesimama juu ya mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Mambo hayo yako chini ya wizara tofauti, na kila moja lina ofisa wake wilayani. Ugumu huanza pale maofisa hao wanapoteremka kijijini kwa siku tofauti na fomu tofauti.

Pengo lenyewe linaonekana kwenye kadi ya kliniki. Tangu kuzaliwa mtoto hupimwa uzito, huchanjwa na kuandikwa. Akifikisha miezi 18 hupata dozi ya pili ya surua na rubela, na hapo ndipo mama wengi huona kliniki imekwisha. Kadi huviringishwa na kuwekwa kwenye sanduku la nguo. Baada ya hapo mtoto huonekana kwa nadra, pengine Juni na Desemba anapopewa matone ya vitamini A na dawa za minyoo, hadi atakapokokotwa kwenda kuandikishwa awali akiwa na miaka mitano. Katika miaka hiyo zaidi ya mitatu ndipo lugha hukua, ndipo udumavu hukomaa, na ndipo uziwi mdogo au uoni hafifu ungeweza kugunduliwa mapema. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kutoka 34 mwaka 2015/16. Mwalimu wa awali huwapokea watoto hao bila kujua lolote lililoandikwa kwenye ile kadi ya sandukuni.

Kusini kuna mifano inayoonyesha kuwa pengo hilo linazibika. Wa kwanza ni mradi wa Mtunze Mtoto Mchanga, ulioendeshwa na Taasisi ya Afya Ifakara na washirika wake katika wilaya kadhaa za Lindi na Mtwara, Newala ikiwemo, mwanzoni mwa miaka ya 2010. Wanavijiji wa kujitolea walimtembelea mjamzito nyumbani mara tatu kabla ya kujifungua na mara mbili baadaye, wakitumia kadi za picha na mwanasesere kuonyesha jinsi ya kumkausha, kumfunika na kumnyonyesha mtoto mara tu anapozaliwa. Desturi kadhaa za nyumbani zilibadilika kuwa bora, lakini tathmini haikuona vifo vya watoto wachanga vikipungua kwa sababu ya mradi. Somo lake ni zito: ushauri wa nyumbani hufanya kazi, ila hauwezi kuibeba peke yake huduma dhaifu ya zahanati. Vyote viwili lazima viende pamoja.

Wa pili ni usajili wa vizazi. Kwa miaka mingi mzazi wa kijijini alilazimika kusafiri hadi makao makuu ya wilaya kutafuta cheti cha kuzaliwa, na wengi hawakwenda. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ilipopeleka kazi hiyo Mtwara na Lindi mwaka 2017, vyeti vya watoto wa chini ya miaka mitano vilianza kutolewa bure kwenye vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata. Sekta mbili zilikubali kufanya kazi moja mahali ambapo mama alikuwa anafika tayari. Hakuna jengo jipya lililohitajika.

Wa tatu ni wa jirani. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza, uliendesha Programu ya Utayari wa Shule katika mikoa kadhaa, Lindi ikiwemo. Vijana wa kijiji husika walipewa mafunzo mafupi, kisha kwa miezi mitatu hadi minne waliwafundisha watoto ambao hawakupata awali, kwa hadithi, nyimbo na michezo. Kijiji kilijitolea mahali pa kukutania na mtu wa kufundisha.

Mfano huo wa tatu una maana zaidi kwa Masasi na Newala kwa sababu ya lugha. Vijijini mtoto wa Newala mara nyingi huanza kusema kwa Kimakonde, na Masasi kuna pia Kimakua na Kiyao. Mwalimu akisema "choreni duara", mtoto wa namna hiyo humtazama jirani yake kwanza aone mkono wake unafanya nini, kisha naye huanza. Si mzito wa akili. Anatafuta njia ya kuelewa. Kijana wa kijijini anayezijua lugha zote mbili humvusha bila kumwaibisha.

Malezi nayo yana wenyewe. Wamakonde, Wamakua na Wayao huhesabu ukoo upande wa mama, na bibi mzaa mama pamoja na mjomba wana sauti kubwa juu ya mtoto. Mkutano wa malezi unaoita "wazazi" tu huwaacha nje watu ambao mtoto anakula kwao na kulala kwao.

Kutokana na hayo, hatua zinazohitajika ni chache. Kwanza, kila kijiji kiwe na daftari moja la watoto wote wa chini ya miaka sita, likitunzwa na mhudumu wa afya na kukaguliwa na Kamati ya Huduma za Jamii ya serikali ya kijiji, ambayo ipo tayari. Novemba kila mwaka mwalimu wa awali apewe orodha ya watakaoingia Januari, pamoja na hali zao za chanjo, lishe na ulemavu. Pili, Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, inayofanyika kila robo mwaka, imwite pia mwalimu na ofisa ustawi wa jamii, ili mtoto apimwe urefu, asikilizwe anavyosema na aandikiwe cheti katika kikao kimoja. Tatu, vituo vya mchana vifunguliwe msimu wa kuokota korosho, karibu na mashamba, bibi wawili watatu wakilipwa posho. Nne, uji wa darasa la awali uanze siku ya kwanza ya Januari, usisubiri mavuno.

Fedha ya kuanzia ipo. Tangu mkataba wa lishe wa Desemba 2017, halmashauri zinatakiwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Ushuru wa korosho hukusanywa kupitia minada ya vyama vya ushirika, TANECU kwa Newala na MAMCU kwa Masasi, kwa hiyo kiasi chake kinajulikana kabla mwaka wa shule haujaanza. Madiwani wa halmashauri hizo wanapaswa kutenga sehemu ya ushuru huo kwa uji na posho za walezi, waiandike kwenye bajeti kwa jina lake, na wananchi waiulizie kwenye mkutano mkuu wa kijiji kila robo mwaka.